Bega la Mrina Asali

Bega langu la kulia liligoma tangu Pasaka. Mrina asali asiyeweza kuinua mkono hana kazi, na mimi, Masolwa, nina mizinga kumi na minane katika msitu wa Ipole, msimu wa kurina ukiwa umebakiza wiki mbili kwisha. Nilichuliwa kwa kila dawa ya dukani nikaishia kunuka tu. Ndipo mke wangu Recheli akasikia kuna daktari Tabora mjini, Advera, anayetibu kwa sindano za Kichina.

Daktari alitupa masharti kwa simu. Nile chakula chepesi masaa mawili kabla ya tiba, nisinywe pombe wala kahawa, nivae nguo pana, nisisugue ulimi kwa sababu ataitazama rangi yake.

"Na uje tayari kunieleza kila kitu kilichowahi kufanyiwa mwili wako, mzee. Usifiche."

"Ulimi wako huo usiposuguliwa, Baba Kabula, daktari atakimbia," Recheli akanicheka.

Nilitimiza yote isipokuwa hilo la kutoficha. Mimi ni mzee wa kanisa, Mmoravian. Nikiwa na miaka tisa, babu alinichanja chale tatu begani akapaka dawa ambayo baba yake, mpagazi wa pembe za ndovu, aliipata njiani akirudi kutoka pwani. Tangu siku ile nyuki hawajaniuma. Narina bila moshi. Watu husema ni upole wangu, nami huwaacha waseme. Recheli nilimwambia ni miiba ilinichana utotoni.

Zahanati yenyewe ilikuwa chumba kimoja kule Isevya, kitanda na pazia la kijani. Daktari, binti wa rika la Kabula wetu, aliniamkia, akatazama ulimi, akashika mapigo ya mkono. Kisha akapitisha kidole juu ya chale.

"Hizi ni nini, mzee?"

Recheli alikuwa ameketi karibu na mlango, mkoba mapajani, ananitazama.

"Miiba," nikasema.

"Hakuna dawa iliyowekwa hapa? Nauliza kwa sababu sindano ikiingia, sijui itatoa nini."

"Miiba, binti yangu. Choma."

Ya kwanza haikuuma, wala ya pili. Ya tatu ilipoingia katikati ya chale, ikaanza kuvuma. Niliisikia kwanza ndani ya mfupa, halafu chumba kizima kikasikia. Sindano ilitetemeka peke yake. Mvumo ukapanda, ule wa kundi la nyuki linalohama, ukazunguka dari, ukagonga kioo cha dirisha. Hatukuona kitu. Recheli alikuwa amesimama, anasema Zaburi.

"Nikiiacha, nadhani bega litafunguka," daktari akasema. "Nikiichomoa, tutabaki tulivyokuja. Niambie ni nini, nijue la kufanya."

Nilimtazama mke wangu. Miaka thelathini na mmoja ya miiba. Niliona aibu, na aibu ikanishinda.

"Sijui," nikasema. "Iache."

Recheli akafungua dirisha. Mvumo ukatoka, ukaelekea kusini, upande wa Ipole, ukaisha. Nikainua mkono mpaka juu ya kichwa, nikalia kwa furaha mbele ya mtoto wa watu.

Kesho yake tulikwenda msituni. Nilipanda mti wa kwanza kwa mikono miwili, nikafungua mzinga. Masega yamejaa, asali inang'aa, na hapakuwa na nyuki hata mmoja, hata mfu. Wa pili vivyo hivyo. Hata wa kumi na nane. Msitu wote ulikuwa kimya, nami nikaogopa kushuka.

Recheli alikuwa chini na ndoo. "Wamekwenda wapi, Baba Kabula?"

Nikamwambia, kutoka juu ya mti, habari ya babu na chale na dawa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka ndoo chini.

"Ungeniambia, ningekununia wiki moja tu," akasema.