Mlango wa 486

Wiki ile ukungu wa Julai ulikaa juu ya Kawangware hadi saa nne asubuhi. Milango ambayo Kimanzi alikuwa ameiegemeza nje ya karakana yake, kwenye kipande cha Kawangware kiitwacho Kongo, ilionekana kama imesimama yenyewe bila ukuta, ikingoja mtu aifungue aone kilicho upande wa pili. Kimanzi mwenyewe hakuiona hivyo. Aliona milango saba ya saiprasi, na mmoja kati yake umeanza kupinda kwa unyevu.

Adhis alitokea ukunguni siku ya Jumatano, akitembea haraka. Alikuwa mteja wake wa Kibera, mwanamke wa miaka hamsini na kidogo aliyefua nguo katika nyumba za Ayany na kuishi chumba kimoja nyuma ya mtaa huo kwa miaka kumi na saba. Mwaka uliopita Kimanzi alikuwa amemtengenezea mlango. Alipomwona alidhani bawaba zimeanza kulia.

"Fundi," Adhis akasema kabla ya salamu, "ile mlango yangu ya zamani iko wapi?"

Miaka miwili nyuma, watu wa mradi wa nyumba mpya walikuwa wamepita kwao wakihesabu. Kila chumba kilipigwa nambari mlangoni kwa rangi nyekundu, mpangaji akasimama kando ya nambari yake akapigwa picha, kisha akapewa kadi. Vyumba vingebomolewa, maghorofa yangejengwa mahali pake, na aliyehesabiwa angepata nyumba humo. Adhis alikuwa 486. Sasa watu hao walikuwa wanarudi Ijumaa kuhakiki. Walitaka kumwona mtu, kadi yake na nambari mlangoni, na vyote vitatu vikubaliane. Asiyekubaliana angeandikwa kwenye orodha ya malalamiko, na Adhis hakumjua hata mtu mmoja aliyewahi kuitwa kutoka kwenye orodha hiyo.

Mlango wake mpya haukuwa na nambari. Nambari ilikwenda na mlango wa zamani, na mlango wa zamani ulikwenda na Kimanzi.

Ndivyo mafundi wa Kongo wanavyofanya kazi. Anayechukua mlango mpya humwachia fundi ule wa zamani, na bei hupunguzwa. Fundi hukata palipooza, hupiga randa kingo, kisha huuza tena kwa mtu ambaye mlango mpya umemshinda. Waliohesabu Kibera walidhani mlango ni sehemu ya nyumba kama ukuta ulivyo. Hawakujua kwamba huku milango husafiri. Hata Adhis na Kimanzi, siku ile walipoushika huku na huku wakautoa chumbani, hawakufikiri kwamba wanabeba nyumba nzima ya ghorofani.

Adhis aliuliza kama asingeweza kupaka nambari hiyo mwenyewe kwenye mlango mpya. Kimanzi alisema hapana. Wale watu walikuwa na picha, na katika picha mlango ni wa mbao zilizosimama wima, ilhali huu mpya mbao zake zimelala. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Adhis akakaa juu ya kigogo akakunja kanga mapajani. Alikuwa amekwisha chagua orofa, akasema. Ya tatu, kwa sababu ya kwanza inaingia vumbi na ya tano ina ngazi nyingi. Kwa miezi kadhaa amekuwa akianika nguo za watu huku akiwaza namna atakavyoanika zake huko juu, ambako hakuna anayepita chini ya kamba.

Kimanzi hakuweka daftari la milango. Aliikumbuka kwa mbao zake. Ule wa Adhis ulikuwa na fundo lenye umbo la yai chini ya komeo, na sehemu ya chini ilikuwa imeoza. Alikata inchi nne. Mlango uliokatwa inchi nne huenda kwenye chumba kifupi, na chumba kifupi alichouza mlango mwaka ule kilikuwa kimoja tu, huko mtaa wa Kabiro, kwa mwanamke wa Kitui aitwaye Kalondu.

Akamwambia Adhis arudi kazini, akatoka.

Njia ya kwenda Kabiro ilipita katikati ya kazi yake ya miaka thelathini. Ukungu ulikuwa umefuta paa na nyaya, kuta za mabati zikawa na rangi moja na hewa, na kilichobaki kikiwa na umbo ni milango tu. Alipita mmoja aliousimamisha wakati mwanawe Kavoi anazaliwa. Alipita mwingine aliouwekea dirisha dogo kwa sababu mwenyewe aliogopa kuwafungulia watu asiowaona. Mmoja ulifunguka alipoukaribia, ukatoa redio na harufu ya chai, ukafungwa. Alihesabu kumi na minne. Wa kumi na tano, mwisho wa ploti ya vyumba vya kupanga, ulikuwa na nambari nyekundu, na mkia wa ile sita ulikuwa umechuruzika hadi karibu na komeo.

Kalondu alikuwa mlangoni akipanga nguo za watoto za mitumba kwa ukubwa. Alimkaribisha kwa Kikamba, akamtolea kiti. Kimanzi alipoeleza kilichomleta, Kalondu alicheka kwanza.

Nambari ile, akasema, ndiyo iliyompa makao. Ploti nzima haikuwa na nambari nyingine. Watu wa maombi ya Jumanne huambiwa watafute mia nne themanini na sita. Mwenye kuleta gesi hafiki popote pengine. Na zaidi ya hayo, kila mtu alisema maghorofa yakimaliza Kibera yatakuja Kabiro, na yakija, yeye tayari amehesabiwa.

"Hujahesabiwa," Kimanzi akasema. "Hiyo ni namba ya mtu wa Kibera."

"Nilikuuliza siku ile. Nikakuuliza hii namba ni ya nini. Ukanijibu nini?"

Kimanzi alikumbuka vizuri. Alijibu kwamba imekuja na mlango. Siku ile aliona ni jibu kamili. Sasa, akiwa amesimama mbele ya jibu lenyewe, aliona lilikuwa kweli na halikutosha.

Kalondu aliweka chini sweta aliyokuwa ameishika. "Kwa hivyo mwaka mzima nimelala nyuma ya mtu mwingine," akasema. "Na wewe ni mtu wa kwetu. Ungenikataza tu."

Kimanzi akaeleza mambo yalivyo: mwanamke wa Kibera, kadi, Ijumaa. Kalondu alisikiliza huku akiupitisha mkono juu ya nambari kama anayefuta vumbi. Aliuliza mwanamke huyo ana miaka mingapi. Aliuliza kama ana mume. Mwishoni akasema atautoa, ila hatalala hata usiku mmoja bila mlango, na huo mwingine lazima uwe mzuri kuliko huu.

"Na uwe na namba," akasema.

"Namba gani?"

"Hiyo utajua wewe. Lakini ya uongo usiniletee tena."

Alhamisi kabla ya jua kuonekana, Kimanzi na Murunga, mwenye mkokoteni, walishuka hadi Kibera. Adhis ndiye aliyetoa suluhisho, na alilitoa bila kusita: wachukue mlango wake mpya wampe huyo mama. Akiipata nyumba hatauhitaji. Akiikosa, alisema, mlango utakuwa shida ndogo. Kimanzi akaung'oa.

Ukutani kulibaki fremu peke yake. Juu na chini, upande wa bawaba, palikuwa na matundu manne matupu katika kila sehemu, inchi mbili juu ya yale aliyoyafungua sasa hivi. Yalikuwa matundu ya mlango wa zamani. Kimanzi hakuwa na tabia ya kurudisha skrubu kwenye tundu lililokwisha tumika, kwa kuwa hulegea. Kila mlango mpya huutobolea matundu yake. Aliyatazama, akaingiza ncha ya msumari katika moja kupima kina, akatoka.

Walirudi kwa barabara ya Ngong, mlango umelala chali juu ya mkokoteni ukitazama juu. Murunga alivuta akizungumza. "Mzee, watu huhama na vitu, mlango wanaacha. Wewe umeacha vitu umehama na mlango." Kimanzi alikuwa anatazama maghorofa mapya upande wa kulia. Ukungu ulikuwa umeyakata katikati. Orofa nne za chini zilikuwa zege, za juu zilikuwa bado hewa, kama jambo ambalo mtu hajamaliza kulifikiria. Hayakuwa na milango bado. Alihesabu matundu kumi na manane katika kila orofa hadi mahali ambapo hesabu ilipotelea weupeni. Alijua milango ya huko huja katika maboksi, yote kipimo kimoja. Katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kukutana na fremu mbili zilizolingana, na alijiuliza mtu wa orofa ya tatu hujuaje kwamba mlango alioufungua ni wake.

Huko Kabiro, Kimanzi alikata mlango, akaupiga randa, akausimamisha. Kalondu aliufungua na kuufunga mara tatu, akakubali kwamba haukwami. Kisha akainama kwenye ukingo wa upande wa bawaba, mahali ambapo Kimanzi huandika kwa penseli kila anapomaliza kupima.

"Hii ni nini? Sabini na mbili na nusu, ishirini na nane?"

"Urefu na upana. Inchi."

"Za huu mlango?"

"Za hapa kwako. Kwingine hautaingia."

Kalondu alipitisha kidole juu ya nambari hizo. Kisha akamwambia aandike hizo, nje, kwa rangi nyekundu, kubwa. Kimanzi alitafuta kosa katika ombi hilo asilipate. Nambari zilikuwa za kweli na alizipima mwenyewe. Akaandika 72½ na chini yake 28, taratibu, bila tone kuchuruzika.

Alasiri mlango wa 486 ulirudi nyumbani. Kimanzi aliweka bawaba juu ya matundu ya zamani, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi akavunja kanuni yake: akatia skrubu palipokwisha tumika, na njiti ya kiberiti ndani ya kila tundu ili ishike. Mlango ukakaa. Chini yake ilibaki nafasi ya inchi nne, mwanga ukiingia kama ulimi. Adhis aliuliza kama hawezi kuongezea kipande. Kimanzi alisema mbao mpya ingeng'aa pale chini na mtu angedhani kuna kinachofichwa. Wakauacha.

Ijumaa saa tatu alifika kijana aitwaye Nzomo, koti lenye nembo ya mradi, tableti mkononi. Alimsalimia Adhis, "Sasa mathe," akaitazama kadi, akautazama uso wake, akaipata picha. Aliinua tableti kando ya mlango. Kidole chake kikashuka polepole kwenye kioo hadi chini.

"Hapa kwa picha mlango imefika chini kabisa," akasema. "Hii haijafika. Hii si mlango ya hapa, mathe. Mmeitoa wapi?"

Adhis alimtazama Kimanzi. Watu wawili watatu wa vyumba vya jirani walikuwa wamesogea kusikiliza.

"Umetoka Kawangware," Kimanzi akasema. "Niliuchukua hapa hapa mwaka jana, nikakata chini palipooza, nikauuza. Jana nimeurudisha."

Nzomo alisema hiyo ni hadithi, na kazi yake si hadithi. Kimanzi akakubaliana naye. Alitoa bisibisi mfukoni, akafungua bawaba ya juu, akauegemeza mlango begani, akamwomba kijana asogee. Matundu manne ya zamani kwenye ukingo wa mlango, manne ya zamani kwenye fremu. Moja katika kila nne lilikuwa limetobolewa upande, kosa la fundi fulani wa zamani ambaye Kimanzi hakumjua, na upande ule ule. Akamwambia aweke bawaba mwenyewe ajaribu. Nzomo aliijaribu. Akaigeuza, haikukaa. Akairudisha ilivyokuwa, ikakaa. Kimanzi akamwonyesha fundo lenye umbo la yai, nalo likawa kwenye picha, nusu limefunikwa na kiwiko cha Adhis.

Kijana alitazama matundu kwa muda, akamwachia Kimanzi arudishe skrubu. Kisha akapiga picha tatu, ya nambari, ya fundo na ya bawaba, akamwomba Adhis asimame pale pale aliposimama miaka miwili iliyopita. Adhis akasimama, kiwiko juu ya fundo. Tableti ikalia mara moja.

"Uko sawa, mathe. Usiutoe tena mpaka mhame."

Majirani walitawanyika kurudi kwenye milango yao. Adhis aliingia ndani akaufunga mlango, labda akitaka kuuona kwa upande ule, au akitaka kuwa peke yake. Kimanzi aliokota bisibisi na kuangalia kama bawaba imeshika. Aliuliza kupitia mbao kama huko kwenye ghorofa watapaka nambari mlangoni tena.

"Wanasema huko namba ni ya ukuta," Adhis akajibu kutoka ndani.

"Basi ukuta wasiuuze."

Alimsikia akicheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeketi kitandani. Ukungu ulikuwa umeanza kunyanyuka, kwanza kutoka ardhini, na kwa muda kichochoro kizima kilionekana magotini kwenda chini tu: ndoo, kuku mmoja, miguu ya watu wakienda kazini. Kimanzi alikuwa ameshapiga hatua mbili aliposikia sauti yake tena, chini chini, ikitokea kwenye ile nafasi ya inchi nne.

"Fundi. Naviona viatu vyako. Pia vinataka fundi."