Magunia ya Kufungashia

Mshonaji alianza kumwonea wivu mdogo wake siku aliyokwenda kuiona nyumba yake mpya akakuta jiko lina dirisha. Alikuwa amejiandaa kwa mengi: sakafu ya vigae, choo cha ndani, hata chumba cha watoto. Dirisha la jikoni hakulitegemea. Kitinda, kama walivyomwita nyumbani kwa kuwa ndiye kitindamimba, alikuwa akikaanga vitunguu huku moshi ukijitokea zake nje bila kumsumbua mtu. Mshonaji aliketi akasema ngazi za jengo hilo zinachosha.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba naye angeweza kuwa na nyumba pale. Miaka ya nyuma, Kitinda na mumewe, fundi bomba mpole asiyejua kupandisha sauti, walipojiunga na ushirika wa nyumba, walikuja kumshawishi ajiunge nao. Akaenda kukiona kiwanja. Alikuta makorongo, vichaka, na watu kadhaa wamesimama juani wakibishana wachimbe wapi kisima. Alicheka mpaka akashika kiuno, akawaambia yeye si mtu wa kuchangia hewa. Tangu hapo alikuwa amehama nyumba za kupanga mara chungu nzima. Mwenye nyumba huyu anakitaka chumba ampe mpwa wake, yule anapandisha kodi kila akiamka vibaya. Kila akihama, cherehani ilipakiwa mkokotenini na wateja wakampotea.

Wenzake walichanga kila mwezi, wakajenga kidogo kidogo, hadi jengo likasimama. Mshonaji akaanza kutafuta kasoro kama mtu anayetafuta chawa kwenye mshono. Akaipata moja: nyumba haikuwa mali ya Kitinda. Ilikuwa ya ushirika. Mwanachama ana haki ya kuishi humo, na mkutanoni ana kura moja kama wenzake, ila hawezi kumwuzia mpita njia.

Alimwuliza mdogo wake hiyo ni nyumba gani isiyouzika. Kitinda akamjibu kwamba hakuwa na mpango wa kuiuza, alikuwa na mpango wa kulala ndani yake. Jibu hilo lilimkaa Mshonaji kooni kwa siku nyingi.

Kisha fundi bomba akafa. Alianguka kazini asubuhi, na kabla ya mchana kuisha habari zilikuwa zimefika kote. Mshonaji alilia machozi ya kweli, maana shemeji yake alikuwa mtu mwema, hakupata kumnyima msaada hata siku moja. Lakini katikati ya kilio, amejifunika khanga usoni, wazo likamjia taratibu na kuketi: sasa atashuka. Atarudi tulipo sisi wengine. Alishtuka, akalifukuza. Likarudi limevaa nguo nzuri: maskini mdogo wangu, lazima nimpokee.

Baada ya mazishi alisogeza cherehani pembeni, akanunua godoro, akawaarifu majirani kwamba mdogo wake anahamia kwake na watoto, kelele zitaongezeka, wamvumilie. Majirani wakamsifu kwa moyo wake. Akachukua magunia matupu, akaenda kumsaidia Kitinda kufungasha.

Sebuleni alikuta wageni. Mwenyekiti wa ushirika, mama mmoja muuguzi mstaafu, alikuwa ameketi na wajumbe wawili wa kamati. Mshonaji akajua ndio hao, wamekuja kutoa notisi. Akakaa karibu na mdogo wake, amejaa maneno ya kumwombea mdogo wake muda.

Hakupata pa kuyatumia. Mwenyekiti alieleza taratibu kwamba uanachama ulikuwa wa wote wawili, mume na mke, kwa hiyo Kitinda alibaki mwanachama vilevile kama alivyokuwa. Michango yake ingebebwa na mfuko wa dharura, ambao kila mmoja wao huutilia kidogo kwa ajili ya siku kama hizi, mpaka atakaposimama tena. Jirani wa mkabala angewatazama watoto saa ambazo mama yao yuko zamu ya usafi hospitalini. Na siku ya kazi ya pamoja, wenzake wanaposhuka kufagia na kupaka rangi, yeye apumzike.

"Hapa hatoki mtu kwa sababu ya kufiwa," mwenyekiti alimalizia. Kisha jicho lake likaangukia magunia. "Na hayo ya nini, mama?"

Mshonaji akasema ni ya nguo chafu.

Walipoondoka, alikwenda jikoni kuosha vikombe. Alijipekua moyoni akitafuta furaha, walau kidogo, kwamba watoto wa mdogo wake hawatalala chini. Hakuiona. Alichokiona ni siku ile mume wake mwenyewe alipomkimbia, na mwenye nyumba akasimama mlangoni kumwambia mwisho wa mwezi usimkute pale. Hakuna aliyekuja kuketi mbele yake na kuzungumza kwa sauti ya chini. Alikuwa akimwonea wivu mjane.

"Kitinda," alisema, "mimi hata leo nimekuonea wivu."

Kitinda alikuwa amemfuata jikoni, akikausha kikombe. Hakugeuka. "Najua, Dada. Majirani zako walikuja kunipa pole, wakaniambia umeshaninunulia godoro."

"Nilitaka kukusaidia."

"Ulitaka kunisaidia, na ulitaka nishuke. Yote mawili." Akakiweka kikombe kabatini. "Leo sina nguvu za kukusamehe. Nenda nyumbani."

Wakakaa muda mrefu bila kutembeleana. Mshonaji alijiambia kwamba mdogo wake ana kiburi, ghorofa imempanda kichwani. Lakini siku mwenye nyumba wake alipokuja kumwambia anaitaka baraza anaposhonea, ili aweke duka, alijikuta hana hata hamu ya kubishana. Alifunika cherehani, akaenda moja kwa moja ofisi ya ushirika, ambako walikuwa wakipokea wanachama wa jengo la pili. Akaambiwa ahudhurie mafunzo kwanza, kisha apelekwe mkutanoni na mwanachama anayemfahamu. Alimfahamu mmoja tu, akamtumia ujumbe wa kumwomba.

Hakujua kama Kitinda angekubali mpaka alipomwona anasimama mbele ya mkutano. Mwenyekiti akamwuliza anamjuaje mwombaji.

"Ni dada yangu," Kitinda alisema. "Ana wivu na ana mdomo. Lakini nguo ya mtu haijawahi kulala kwake bila kumalizika, na akiahidi mchango atautoa."

Watu wakacheka, Mshonaji akitamani sakafu ipasuke. Mikono ikapanda. Akapokelewa.

Msingi wa jengo la pili waliuchimba wanachama wenyewe, wapya kwa wa zamani. Mshonaji alipangwa kando ya kijana muuza mikate. Mwenyekiti alipopita kukagua, alimsifu kijana kwa kunyoosha mtaro wake, akapita upande wa Mshonaji bila neno. Mshonaji akakunja uso, akaanza kuutazama mtaro wa jirani, upana wake, kina chake, hata udongo wake, ambao ulionekana laini kuliko wa kwake.

Kitinda, aliyekuwa akibeba udongo, akatua karai. "Dada," alisema, "huo ni mtaro tu."

"Nimeuona," alijibu Mshonaji, akainama kuchimba.

Kitinda alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kisha akachukua jembe akaanza kuunyoosha mtaro wa dada yake kutoka upande wa pili.