Katoni ya Bia ya Tegan

Ukutani mwa gereji yangu hapa Cloncurry kuna kibao nilichokiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa rangi nyekundu: KATA BETRI KABLA YA KUCHOMELEA. Nimewafokea watu wengi mbele ya kibao hicho. Fundi mmoja wa Winton nilimwambia, wateja wake wakisikia, kwamba afadhali akauze mikate. Kwa hiyo hadithi hii inaniuma kuisimulia, lakini bora niisimulie mimi kuliko uisikie baa.

Jumanne moja ya Novemba, Tegan Crothers aliingia na lori la baba yake, matela matatu ya ng'ombe nyuma, yote matupu. Asubuhi ile alikuwa amegonga kangaruu, na kishikio kimoja cha bampa la mbele kilikuwa kimepasuka. Msichana ana miaka ishirini na minne, na ule ulikuwa mwaka wake wa kwanza kukabidhiwa lori peke yake. Merv, baba yake, alikuwa amebishana naye miaka miwili kabla ya kumpa ufunguo. Ng'ombe walikuwa wanamsubiri ranchi, kilomita mia mbili mbele. Akaniuliza kama nitachukua muda mrefu. Nikamwambia dakika kumi, akanywe chai.

Sasa sikiliza. Kukata betri nne za lori lile na kuchomoa plagi za kontrolboksi kunataka nusu saa. Kontrolboksi ni kisanduku cha ukubwa wa kitabu kinene, kimefungwa ubavuni mwa injini, na ndicho kinachoamua dizeli iingie lini na kiasi gani. Umeme wa kuchomelea ukikipitia umekiua, hata kama hakitakufa siku ile ile. Mambo haya nimeyafundisha miaka. Nikafunga waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea kwenye chesisi, nikavaa kinga ya uso, nikachomelea. Betri sikuzigusa. Kibao kilikuwa nyuma ya kisogo changu.

Jumatano mchana lori lilizimika upande huu wa mji wa Julia Creek, limejaa ng'ombe, joto digrii arobaini na tatu. Hadi lori jingine lilipopatikana la kuwahamisha, ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wameshakufa. Alhamisi Merv akalivuta hadi kwangu, Tegan akiwa nyuma yake. Nikachomeka laptopu, kisanduku hakijibu kitu. Nikachomoa plagi zake nikamulika kwa tochi. Zilikuwa kavu kabisa, pini zinang'aa. Hapo hapo nikajua ni umeme wangu wa kuchomelea.

"Jumatatu aliiosha injini kwa mashine ya presha," Merv akasema nyuma yangu. "Nilimwona kwa macho yangu. Ni maji hayo, siyo?"

Tegan alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni, ananitazama mimi na si baba yake. Mimi na Merv tumejuana miaka thelathini. Alikuwa amenipa uongo tayari, umepikwa na kupakuliwa, sikuhitaji hata kuutunga.

"Inaweza kuwa maji," nikasema.

Neno lile "inaweza" nililichagua makusudi, ili nijidanganye kwamba sijadanganya. Merv akamnyooshea binti yake mkono, na Tegan akauweka ufunguo kiganjani mwake. Baba akamwambia kuanzia leo atarudi kufungua mageti na kufagia matela, na yeye atatafuta dereva wa kweli. Tegan hakubisha. Angebisha, labda ningepata pa kuanzia. Basi nikajitia kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwangu.

Kisanduku kipya kilifika Ijumaa kwa ndege. Nikakifunga kwa bolti nne, nikarudisha plagi, nikaketi na laptopu kukiingizia taarifa: namba ya injini, kikomo cha mwendo, kisha namba ya kila nozeli ya dizeli, zote sita. Ukikosea tarakimu moja injini inatetemeka. Sikukosea hata moja. Lori likawaka mara ya kwanza, likanguruma vizuri, na mimi nikasimama pale nikijionea haya. Kazi ngumu nilikuwa nimeifanya kwa uangalifu wote, na ile nyepesi ndiyo iliyoniaibisha.

Huku kwetu, anayeharibu kazi huleta katoni ya bia Ijumaa jioni, akaiweka mbele ya mtu aliyetaabika kwa ajili yake. Ikifunguliwa, kosa limezikwa, na atakayelitaja tena yeye ndiye mkosaji. Saa kumi na moja jioni Tegan aliingia, katoni begani. Akaitua kwenye meza yangu ya kazi, katikati ya spana.

"Sheria ni sheria, mzee," akasema. "Nimeharibu mimi, umehangaika wewe."

Ningeikataa ningelazimika kusema kwa nini. Nikaifungua. Akakaa juu ya tairi akisubiri ninywe, kama desturi inavyotaka, yeye mwenyewe akinywa maji kwa sababu angeendesha gari. Nikanywa bia yake. Ilikuwa baridi nzuri.

Halafu akaomba kukiona kile kisanduku kibovu. "Nionyeshe maji yalipopitia, nisirudie tena."

Nikamwonyesha mpira wa plagi. Mpira mzima, hauna hata ufa. Akaupitishia kidole gumba taratibu, akauzunguka mara mbili.

"Mbona pakavu?"

"Yamekauka. Si unaona joto hili."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akainua macho ukutani, pale kwenye kibao changu, akakisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yake matano yanavyohitaji. Nikafungua bia nyingine ili nipate kitu cha kutazama. Aliposimama alinishukuru. Alinishukuru kweli, kwa jina langu, Vaughan, jina ambalo kabla ya hapo hakuwahi kuniita.

Jumamosi asubuhi sikufungua gereji. Nikanunua katoni, nikaendesha hadi kwa akina Crothers. Merv alikuwa chini ya tela anapaka grisi, Tegan juu yake anafagia mavi ya ng'ombe. Sikusubiri kukaribishwa. Nikasimama juani na katoni mikononi nikasema yote: bampa, betri ambazo sikuzikata, plagi kavu, na ule mpira niliomwonyesha Tegan. Nikasema binti hakuwa na kosa lolote. Merv akatoka chini ya tela polepole, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Na jana ulikunywa bia yake?"

"Nilikunywa."

"Ngapi?"

"Tatu."

"Nne," Tegan akasema kutoka juu, bila kuacha kufagia.

Nilitamani ardhi ipasuke. Merv akatoa ufunguo mfukoni, akanyoosha mkono akauweka kwenye sakafu ya tela, karibu na buti za binti yake, na akashindwa kumtazama usoni. Alimwambia jambo kwa sauti ya chini ambalo halikunihusu. Kisha Tegan akashuka, akaipokea katoni yangu, akaipeleka ndani ya banda na kuiweka rafuni kati ya makopo ya oili. Hakuifungua.

Miezi minane imepita. Hasara ya ng'ombe na ya kisanduku niliibeba mimi, na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Nikienda kwao naiona katoni pale pale rafuni, imeshika vumbi. Lori Tegan bado analileta kwangu, sijui kwa nini, kwani angeweza kulipeleka Mount Isa. Lakini kabla sijagusa chochote, hata iwe ni kubadilisha taa ya nyuma tu, yeye huteremka na spana yake, akafungua boksi la betri na kuzikata zote nne, moja baada ya nyingine. Mimi nasimama pembeni namsubiri, chini ya kibao changu.

Akimaliza huniambia, "Haya, mzee. Sasa unaweza kuanza."