Shule Iliyoshuka Saa ya Chai

Tusajigwe alikuwa akigeuza maua ya pareto mkekani wakati paa la shule lilipofika na kumzibia jua.

Lilitokea upande wa Chimala, mabati mapya matupu, na kenchi zake na mfereji wa maji ya mvua. Likasimama hewani juu ya kiwanja cha shule ya Isangula, juu kidogo ya mikaratusi, na hapo likatulia. Chini yake hapakuwa na ukuta wala nguzo. Tusajigwe alitazama juu, akatazama pareto yake iliyokuwa sasa kivulini, akauvuta mkeka hadi penye jua, akaendelea na kazi. Pareto isiyokauka huota ukungu, na mnunuzi wa Mbeya halipii ukungu.

Mwalimu Timotheo, aliyefundisha darasa la nne, alitoka nje na chaki mkononi.

"Ndaga, mama Lusia. Naona limepita."

"Nini kimepita?"

"Fungu la mapaa. Wiki hii Baraza la Kutunga Sheria linapitisha makadirio Dar es Salaam. Hilo ni paa la darasa la tano la wasichana."

Tusajigwe aliacha kugeuza pareto. Kwa mwaka mzima alikuwa akilisubiri darasa la tano. Binti yake, Lusia, alimaliza la nne akiwa wa kwanza, na kwa kuwa juu ya la nne hapakuwa na kitu kwa wasichana, alirudishwa kulisoma tena ili asikae bure. Shemeji yake Tusajigwe, mzee Anania, alikuwa na mpango mwingine. Alikwisha kwenda Tukuyu kuwaangalia ng'ombe wa mtu mmoja mwenye mtoto wa kiume, akawasifu sana, hasa mmoja mwekundu.

"Na kuta ziko wapi?" Tusajigwe aliuliza.

"Kuta ni fungu jingine."

"Na mwalimu?"

"Jingine tena."

Alimweleza vizuri, maana Tusajigwe hakuwa mtu wa kuachwa njiani. Kila mwaka mkubwa wa fedha husimama mbele ya Baraza na kusoma hotuba ndefu hadi waheshimiwa wengine wasinzie. Kisha hufunguliwa kitabu kinene cha makadirio, na kila idara huombewa fedha zake fungu kwa fungu. Karani hulitaja fungu, mwenyekiti huuliza kama wanakubali, wajumbe husema ndiyo, na kilichotajwa hutoka. Mapaa yalikuwa chini ya Ujenzi. Kuta ziliachiwa baraza la wenyeji, ambalo lilikuwa bado linatafuta fedha. Mwalimu alikuwa chini ya Elimu. Mwaka huo Ujenzi walitangulia.

"Mtu gani huanza nyumba kwa paa?" Tusajigwe akasema.

"Serikali," akajibu mwalimu, akarudi darasani.

Mjini Mbeya mambo yalikwenda vingine. Shule ya watoto wa Kizungu ilikuwa na mfuko wake, na ilishuka wiki hiyohiyo ikiwa nzima, na kuta zake, mahali pa kuotea moto, kengele, na mpishi aliyekuwa tayari akikoroga uji. Ya Wahindi ilishuka na kuta tatu. Ukuta wa nne walijichangia wenyewe, wakamalizana. Ya Waafrika ndiyo hiyo iliyokuwa juu ya mikaratusi. Watu wa Ipogolo waliliona paa hilo likipita wakalipungia mikono wakidhani ni lao, lakini halikusimama.

Siku chache baadaye, alasiri, paa lilianza kushuka. Lilishuka polepole, likafika usawa wa kichwa, na mbuzi wa jirani, Mama Yudith, akaupanda mfereji na kula nyasi zilizokwama. Wanawake waliokuwa wakitoka mtoni walitua ndoo wakangoja. Kisha paa likapanda tena na mbuzi wake. Mama Yudith akamwita kwa jina, naye akaruka kabla halijafika mbali.

Gazeti lilipofika, mwalimu alikuja nalo hadi kwenye mkeka.

"Nimepata sababu ya paa kushuka. Siku ile, alasiri ile, mheshimiwa Mulji wa Iringa alishika shilingi."

"Ya nani?"

"Ya mkurugenzi wa elimu. Mjumbe akitaka jambo lizungumzwe, husimama na kusema, naomba fungu la mshahara wa mkubwa huyu lipunguzwe shilingi moja. Hapo mkubwa lazima amjibu. Bwana Mulji aliuliza darasa la tano la wasichana wa huku liko wapi. Alipojibiwa, akairudisha shilingi."

"Alijibiwa nini?"

Mwalimu alitafuta mahali kwenye gazeti. "Kwamba serikali inalitazama jambo hilo."

"Hilo paa hata mbuzi amelitazama. Kwa nini alirudisha?"

"Ni adabu ya pale. Shilingi hushikwa, haichukuliwi."

Tusajigwe alikung'uta mikono yake. Alikuwa na swali moja tu, na mwenye jibu alikuwa Iringa.

Alimwendea kwanza Anania. Akamwambia kuwa darasa la tano limekwisha kuja nusu, na kwamba ni aibu kumtoa mtoto shule ikiwa njiani. Anania alitoka nje, akalitazama paa muda mrefu akiegemea fimbo yake.

"Nitangoja bajeti moja," akasema. "Ng'ombe hawazeeki kwa bajeti moja."

Basi la shirika la Reli lilimfikisha Tusajigwe Iringa akiwa na vumbi la Nyololo kwenye nyusi na mkungu wa ndizi miguuni. Duka la Bwana Mulji lilikuwa la vitambaa. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa juu ya ngazi akishusha jora la marekani, na mkewe, Daxa, alikuwa nyuma ya meza na mkasi.

"Mimi ni wa chini ya lile paa," alisema Tusajigwe. Akaweka ndizi mezani.

Bwana Mulji akashuka. Hakuuliza paa gani. Alimpa kiti na chai ya maziwa, akatoa shilingi kwenye mfuko wa kizibao, akaiweka mezani. Ilikuwa shilingi ya kawaida, imechakaa kidogo upande wa simba.

"Ndiyo hii. Kila mwaka naisimamia. Nikiishika huwa nzito kama jiwe la kusagia, mama."

"Basi usiirudishe."

"Nikikataa watapiga kura, na kura zao ni nyingi. Mwakani hata neno sitapewa. Hii ndiyo njia yenyewe: ninashika, wananijibu, ninarudisha."

"Kila mwaka anaondoka na shilingi, kila mwaka anarudi na shilingi," alisema Daxa bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Hata kamari ina mabadiliko kuliko hiyo."

Tusajigwe aliinywa chai yake hadi chini. Ilikuwa na tangawizi nyingi, nzuri.

"Unaweza kuishika kwa muda gani?"

Bwana Mulji alifikiri. "Saa kumi wanakwenda kunywa chai. Nikiishika kabla tu ya hapo, mkubwa hana nafasi ya kunijibu mpaka warudi. Kwa hiyo ninaweza kuishika chai nzima."

"Wanakunywa haraka?"

"Wale? Hapana. Kuna keki."

"Inatosha," akasema Tusajigwe, akasimama.

Mwaka huo wanawake wa Isangula walifyatua matofali. Hawakufanya mkutano. Tusajigwe alipita nyumba kwa nyumba akawaambia siku, na asiyekuja alipitiwa mara ya pili. Ndugu wa Anania walisema kujenga kuta si kazi ya wanawake. Wakaulizwa ni kazi ya nani, wakakumbuka wana shughuli shambani. Kuta zilisimama moja kwa moja chini ya paa, kila pembe chini ya pembe yake, zikiwa na madirisha na mlango, na sakafu ya udongo iliyoshindiliwa mpaka ikalia kama ngoma. Msumari na waya vilitoka kwa Himmat, mwenye duka Mbeya, ambaye alivitoa kwa mkopo kwa sababu Tusajigwe alikaa dukani kwake hadi alipovitoa.

Makadirio yalipowadia tena, simu ya maandishi ilifika kwa Himmat kutoka kwa Bwana Mulji. Ilikuwa na neno moja: KESHO.

Kesho yake saa kumi kasorobo wanawake walikuwa wamekwisha kaa juu ya kuta, kila mmoja na nyundo au koleo. Mama Yudith alikuwa na zote mbili. Paa likatikisika. Likaanza kushuka.

"Msilipokee kama mgeni," alisema Tusajigwe kutoka chini. "Likamateni."

Lilitua juu ya kuta kwa mlio wa kifuniko cha sufuria. Wakapigilia, wakafunga waya, wakapitisha kamba za migomba chini ya msingi na kuzikaza kwa magoti. Huko Dar es Salaam walikuwa bado kwenye keki. Mwalimu Timotheo aliizunguka nyumba nzima akisukuma kila pembe, akasema imeshika.

Ilikuwa imeshika kweli. Bwana Mulji alipojibiwa kuwa serikali inalitazama jambo hilo kwa makini, akairudisha shilingi kwa adabu, na paa likapanda. Kuta zikapanda nalo. Msingi ukang'oka na sakafu yake, ukiacha shimo la mraba lenye minyoo, na shule yote ikasimama juu ya mikaratusi, na Mama Yudith juu ya bati.

"Niletewe maharage," aliita. "Sijala tangu asubuhi."

Wakamshusha jioni hiyo kwa ngazi ya kanisa, na ngazi ikaachwa hapohapo. Asubuhi iliyofuata Lusia alikuwa wa kwanza kuipanda, sare imefuliwa, slati kwapani. Wenzake walimfuata. Mzee Anania alikuja kudai jibu lake. Akaonyeshwa darasa la tano na mtoto akiwa ndani yake. Alijaribu kipandio cha kwanza, akarudi chini.

"Basi nitangoja la sita," akasema. "Lakini yule mwekundu wanaweza kumuuza."

Afisa wa elimu wa wilaya, ambaye watu walimwita Bwana Elimu, alikuja kukagua. Alisimama shimoni, akainua uso, akaandika kuwa paa liko katika hali nzuri. Tusajigwe alimngoja amalize kuandika.

"Mwalimu wao anakuja lini?"

"Mama, mwalimu hupangwa kwenye shule iliyo ndani ya wilaya," alisema Bwana Elimu kwa upole. "Wilaya yangu ni ardhi. Hiyo haijagusa ardhi."

"Mwambie basi aliye na wilaya ya juu."

"Bado haijaombewa fungu." Alifunga kalamu yake. "Na kwa kuwa jengo limekamilika, darasa la tano la Isangula tutaliondoa kwenye makadirio. Hongereni."

Hivyo mwalimu hakuja. Timotheo aliendelea kufundisha darasa lake la nne chini, kwa sauti kubwa kuliko zamani, na wasichana wa juu walitoboa sakafu ili wamsikie. Walimsikia vizuri sana. Lusia alisoma darasa la nne kwa mara ya tatu, safari hii akiwa juu.

Shule hushuka mara moja kwa mwaka, Bwana Mulji anaposhika shilingi yake. Waheshimiwa wenzake sasa humtania kwa jina la paa, lakini bado anaishika, na bado anairudisha. Siku hiyo Tusajigwe huvuta mkeka wa pareto pembeni mapema, maana msingi hauchagui pa kutua. Mlango ukifika usawa wa shimo, Lusia hutoka, huketi mbele ya mama yake, na Tusajigwe humsuka nywele upesiupesi huku mtoto akila ndizi ya kuchoma.

"Mmefika wapi?" humuuliza.

"Darasa la nne, mama."

Tusajigwe hukaza msuko wa mwisho, humkung'uta mabega, na kulitazama paa, ambalo huwa limeanza kutikisika.

"Panda," humwambia. "Chai imekwisha."