Rundo la Wanaosinzia

Uwanjani kwangu kulikuwa na marundo matatu: wafu, wagonjwa na wanaosinzia. Wafu ni vyuma ambavyo hata ukivibembeleza haviamki: injini iliyopasuka ubavu, giaboksi iliyong'oka meno, rimu iliyojikunja kama sikio la mbwa. Wagonjwa wanataka tiba kidogo tu. Lakini wanaosinzia hawana ugonjwa wowote. Gari lao ndilo lililokufa. Wao wametolewa tumboni wazima, wanangoja gari jingine liwaite. Kila aliyeingia rundo hilo nilimgonga nukta tatu kwa msumari wa chuma, mahali ambapo mtu asiyejua haangalii.

Majina hayo ya marundo hayamo kwenye karatasi za ofisi. Ni yangu mwenyewe. Shule niliishia darasa la nne, ila karakana ya jiji nimeikalia miaka ishirini na sita, na kumi na mmoja ya mwisho nilikuwa msimamizi wa uwanja wa vyuma chakavu, huko nyuma, baada ya tangi la dizeli.

Mkuu wa zamani ndiye aliyeianzisha kazi hiyo. Alisema gari la jiji likifa lisiuzwe zima kama mzoga. Lifunguliwe. Kilicho kizima kirudi kwenye magari yanayotembea, kilichokufa kabisa ndicho kipimwe kilo kiuzwe. Na kweli, magari ya taka yalitembea, la zimamoto lilitembea, la wagonjwa lilitembea, na hakuna aliyekuwa akinunua vipuri vipya kila kukicha kama anayenunua karanga.

Kisha akaja huyu wa sasa. Sisi chini tulimwita Bwana Utaratibu, maana hata ukimwamkia anakuuliza umepitia kwa nani. Alipofika tu akaweka sheria: kipuri hakitoki uwanjani bila saini tatu. Ya kwanza unaipata Jumatatu, ya pili wiki inayofuata, na mwenye ya tatu yuko safarini. Fundi anatoka kwangu mikono mitupu, gari limelala, na vyuma vizima vinapata kutu vikimwangalia.

Mwaka juzi, saa nne asubuhi, mke wangu alianguka jikoni. Binti yetu akapiga simu karakana. Gari la wagonjwa lilikuwa pale pale uani, lakini stata yake, mota ya kuwashia injini, ilikuwa imeungua. Dereva wake tunamwita Kobe, kwa kumtania, kwa sababu tangu azaliwe hajui kwenda polepole. Alinijia mbio.

"Mzee, stata! Nipe stata, ni mama wa kwako!"

Nilikuwa nazo nne za aina ile kwenye rundo la wanaosinzia. Nikaichukua moja, nikaipakata kifuani, nikaenda nayo ofisini kutafuta saini. Bwana Utaratibu alikuwa kikaoni. Karani wake akanionyesha benchi akaniambia, "Kaa pale kwanza, mzee."

Nikakaa.

Nilikaa dakika arobaini, stata mapajani, grisi inaniingia kwenye suruali. Huko nje wenzangu walikuwa wakilisukuma gari, halishiki. Mwisho jirani akampakia mama watoto kwenye pikapu yake ya kubebea mchanga. Hakufika hospitali.

Waliokuwa juu nimewalaumu tangu siku ile, na sijachoka. Wengine huniambia, mzee, samehe. Nawaambia, Bwana Utaratibu aniombe msamaha kwanza, halafu tutaona.

Sasa, Jumatatu moja Bwana Utaratibu akashuka uwanjani mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja. Alikuwa na fomu mkononi na mgeni ubavuni. Mgeni alikuwa Tajiri wa Vyuma, mtu wa viatu vyeupe, anakuja mahali pa grisi na viatu vyeupe! Alikuwa akirusha vipande vya maboksi mbele yake na kuvikanyaga, kama bibi harusi anayetandikiwa mkeka. Huyu ndiye aliyekuwa akinunua chakavu cha jiji, na huyu huyu ndiye aliyekuwa akiliuzia jiji vipuri vipya. Kwa mkono mmoja anapokea, kwa mwingine anarudisha.

"Mzee," akasema Mkuu, "Alhamisi uwanja unasafishwa. Vyote vinakwenda kwa kilo. Nimeandika orodha, wewe weka saini hapa chini, kwamba vyote ni vifu."

"Vyote?"

"Vyote."

"Hata wanaosinzia?"

Tajiri akaangua kicheko. "Loo! Chuma nacho kinasinzia! Basi usiku kinakoroma?"

"Kinakoroma," nikamwambia. "Njoo na masikio, utakisikia."

Mkuu hakucheka. Akanivuta pembeni, sauti ikashuka, ikawa ya upole kama ya mtu anayemfuata kuku wa kuchinja. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nikiweka saini ataniongezea miaka miwili. "Na ile nyumba ya wafanyakazi," akasema, "si bado unakaa na binti yako na wajukuu?"

Sheria yao wenyewe ilidai saini ya msimamizi wa uwanja. Bila mkono wangu hawakuweza kuuza hata nati. Nilimwambia nitafikiri, nikaikunja fomu nikaitia mfukoni. Alidhani nakwenda kumtafuta wa kunisomea.

Jioni nilimweleza binti yangu. Alikuwa akipura maharage, hakuinua kichwa.

"Baba, weka hiyo saini."

"Wazima wale, mwanangu. Wanakwenda kupimwa kama mifupa."

"Watoto hawa nitawalaza wapi? Chini ya hayo magari yako?" Akapepeta maganda. "Mama hatarudi kwa stata."

Nikainywa chai ikiwa imeshapoa. Alipomaliza maharage akasema kwa sauti ya mama yake kabisa, ile ya chini isiyo na haraka:

"Lakini ukitaka kukataa, kataa kweli. Usikatae moyoni huku umetulia kama..."

"Kama nini?"

"Kama siku ile."

Akainuka akaenda kuchota maji. Nilibaki na neno hilo mbele yangu. Miaka miwili nilikuwa nimeyasema majina yote, la Mkuu, la karani, la mwenye saini ya tatu aliyekuwa safarini. Benchi sikuwa nimelitaja kwa mtu. Kumbe mwanangu alikuwa akilijua benchi hilo, na alikuwa ameninyamazia.

Alhamisi lori la Tajiri likaingia mapema. Mizani ikatandikwa katikati ya uwanja, ile ya bamba chini na mshale mkubwa usoni, na karani wa mizani akakaa kwenye kigoda na daftari lake. Mkuu alikuwepo. Mafundi na madereva nao walikuwepo, wanajifanya wana kazi upande ule. Gari la wagonjwa lilikuwa ukutani, boneti wazi, stata imeungua tena, wiki ya tatu hiyo likingoja mpya kutoka dukani kwa Tajiri.

"Fomu, mzee," Mkuu akasema.

"Ninayo. Tupime kwanza, nione ninachokitilia mkono."

Nilikuwa nimekuja na betri kwenye toroli na nyaya mbili nene. Nikabeba stata ya kwanza kutoka rundo la wanaosinzia, nikailaza juu ya bamba la mizani. Mshale ukapanda, ukatulia. Karani akalowesha kalamu ulimini.

"Kilo saba na..."

Nikagusisha nyaya.

Anayeijua stata anajua kwamba ukiijaribu chini lazima uikanyage kwa mguu, la sivyo inakurukia. Mimi sikuikanyaga. Ilinguruma, ikafyatuka, ikapiga bamba teke kama punda, na mshale wa mizani ukaenda mpaka ishirini ukarudi chini ya mbili.

"Kilo ngapi?" nikauliza.

"Haitulii, mzee. Siwezi kuandika."

"Basi haijafa. Mfu hutulia."

Kobe ndiye aliyeanza kucheka, kisha uwanja mzima. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwandikie uzito wa mwenye roho!"

Nikaleta ya pili. Ikanguruma. Nikaleta ya tatu, nayo ikaruka nje ya bamba, ikabiringika hadi kwenye viatu vyeupe vya Tajiri, akaikwepa akakosa boksi la kukanyaga, mguu ukazama kwenye oili chafu. Hapo kicheko hakikuwa tena cha kificho.

Ya nne ilikuwa inang'aa, imepakwa rangi nyeusi. Iliingia mwaka jana kutoka dukani kwa Tajiri, mpya, ndani ya boksi, na gari lililofungwa nayo likaja likagonga nguzo, nikaitoa nzima. Nilikuwa nimeiweka kando makusudi. Nikachukua kisu, nikakwangua rangi chini ya tumbo lake, nikamwinamishia karani wa mizani.

"Soma."

"Hakuna maandishi, mzee. Kuna nukta tatu."

"Nani anagonga nukta tatu katika jiji hili?"

Karani akaniangalia, akamwangalia Tajiri, akafunga daftari taratibu. Kila fundi pale alijua jibu. Stata ile ilichomekwa katikati ya wafu nikiwa sioni, ikatoka kwangu kwa kilo, ikapakwa rangi, na ikarudi kwangu kama bibi harusi.

Bwana Utaratibu akanijia. Uso umemwiva, lakini sauti bado ni ile ile ya kuchinjia kuku.

"Mzee wangu, umechoka. Twende ofisini. Kaa pale kwanza, tuzungumze kwa utaratibu."

Kaa pale kwanza. Nilisikia grisi ikiniingia mapajani upya.

"Leo sikai," nikasema. "Nilishakaa. Nilikaa dakika arobaini na mke wangu akafa. Ulikuwa ndani, nilikuwa nje, mlango ulikuwa wa mbao. Ningeweza kuupiga teke. Ningeweza kuiacha saini yako nikaifunga stata ile. Sikufanya. Hilo ni langu, nitalijibu siku nikikutana naye. La kwako utalijibu wewe. Lakini leo nimesimama, na utanisikiliza nikiwa nimesimama."

Nikatoa fomu, nikaitandaza juu ya betri. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, herufi zimelala kila moja upande wake, lakini zinasomeka. Kila mstari wa orodha yake uliohusu wanaosinzia au wagonjwa niliandika neno moja: HAI. Stata, HAI. Rejeta ya gari la taka, HAI. Giaboksi ya zimamoto, HAI. Iliniuma mkono. Hakuna aliyeondoka. Nilipofika kwa wafu nikaandika MFU, kwa haki, maana sikuja kudanganya. Kisha nikatia saini yangu chini, nikampa.

"Rundo hili ni la wafu," nikamwambia Tajiri. "Ni lako. Lipime, lipakie, na Mungu akujalie."

Akaliangalia rundo kama mtu aliyekaribishwa chakula akakuta mifupa.

"Makapi hayo ya nini?" akasema.

"Si ulikuja kununua vilivyokufa?"

Akapanda lori lake na mguu mmoja mweusi. Lori likatoka tupu, linagonga bodi kila shimo.

"Umejifukuzisha kazi mwenyewe," Mkuu akaniambia. "Na nyumba uiache kabla mwezi haujaisha."

"Sawa. Andika, na wewe upate saini tatu."

Sikungoja jibu. Niliichukua ile stata ya tatu, iliyomrukia Tajiri, nikavuka nayo uwanja. Kobe alikuwa ameshalala chini ya gari la wagonjwa, spana mkononi, anatoa mkono nje kama mtoto anayeomba embe. Boliti mbili, waya mkubwa, waya mdogo. Hakuna aliyetuzuia. Mkuu alisimama pale na fomu yake iliyoandikwa HAI ukurasa mzima, akapiga kelele kwamba huo ni wizi wa mali ya jiji. Fundi wa breki akamjibu, "Mali ya jiji inafungwa kwenye gari la jiji, mkuu, mwizi yuko wapi?"

Kobe akapanda, akazungusha ufunguo. Likashika mara moja.

Alilizungusha uani mara mbili, king'ora wazi, bila mgonjwa, bila sababu, na safari hii nikamwacha akimbie anavyotaka.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Binti yangu alikuwa mlangoni, habari zilikuwa zimenitangulia kama kawaida yake. Sufuria zilikuwa zimefungwa kwa shuka, vikombe vimo ndani ya ndoo, na godoro la watoto limesimamishwa ukutani.

"Ulikaa?" akaniuliza.

"Sikukaa."

Akaniangalia kutoka viatuni hadi kichwani, akanirushia kamba.

"Haya, na sasa pia usikae. Shika upande huo wa godoro."