Rangi ya Mkono wa Mama

Mchoraji alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeweza kumtoa humo. Akichora mtu, haamini macho matupu. Humpaka tone la rangi kwenye kifundo cha mkono, akaongeza kahawia, akapunguza nyekundu, akagusisha bluu kwa ncha ya kisu, mpaka ngozi ilimeze tone lisionekane tena. Hapo ndipo hushika brashi. Mama yake, miezi miwili kitini pale dirishani, alikuwa akimtania: "Turubai liko kule, mwanangu. Mbona unanipaka mimi?"

Kisha mama akafariki. Uso ulikuwa umekwisha kuchorwa, mkono mmoja bado.

Ikabaki rangi yake, donge moja kwenye ubao wa kuchanganyia, limefunikwa kwa nailoni lisikauke. Mchoraji aliogopa kulitumia, maana likiisha, mama naye ameisha. Siku moja dada yake mkubwa, mtu wa usafi kupita kiasi, alikuja kumsaidia kazi, akausugua ubao kwa mafuta ya taa mpaka ukang'aa.

"Ulikuwa umeganda uchafu," alisema.

Mchoraji alikaa chini akalia kama mtoto. Dada, alipoelewa, alikosa pa kuweka mikono.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Asubuhi mwanga uliingia, ukatambaa sakafuni, ukapanda kiti kitupu, ukaketi kidogo, ukaondoka. Mchoraji alichanganya rangi kwa kumbukumbu, akajipima mkononi mwake, lakini yeye alichukua ngozi ya baba, na kila tone lilimkataa. Wakati mwingine alihisi kiti kinamtazama.

Siku ya kumi dada alileta chai, akaiweka, asitoke. Akakunja mkono wa gauni.

"Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini nipake mimi."

Mchoraji akampaka. La kwanza likang'aa, la pili likafifia. La tano likaingia kwenye ngozi, likapotea. Dada, kitambaa tayari mkononi, alitafuta pa kufuta, asipaone.

Akaenda mwenyewe kukaa dirishani, mkono juu ya goti.

"Turubai liko kule, mdogo wangu," alisema.

Mchoraji akashika brashi. Na dada, pamoja na usafi wake wote, hakuuosha mkono ule mpaka kesho yake.