Kosa la Nyar Alego

Aloo alipotoka kwa Daktari Nekoye mjini Kisumu hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi la nje, karatasi ya majibu mapajani, akitikisa kichwa peke yake mpaka mlinzi akamuuliza, "Mama, uko na shida?" Angemjibu nini, kwamba ameua?

Haya, hakuua mtu kwa mkono wake. Lakini tusimwonee huruma upesi hivyo. Sikilizeni kwanza.

Mwanawe Calvince alimwoa Apiyo, binti wa kutoka Alego, na pale bomani kwao Seme wakamwita nyar Alego. Msichana mchapakazi, mwenye adabu, asiyejua kujibizana na mtu. Mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa na siku kumi na tisa, anahema utadhani amekimbizwa. Wa pili alifikisha wiki tano. Kichwa kilimvimba, na moyo ulimdunda mpaka kifua kikawa kinaonekana kinaruka. Hospitalini walimpiga picha, wakasema kuna mshipa umefura ndani ya ubongo. Picha ikatiwa kwenye bahasha, na mtoto akafa kabla ya kufikishwa Nairobi.

Aloo hakutaka habari za bahasha. Jibu alikuwa nalo! Mwaka wa kwanza wa ndoa, Apiyo alipanda mahindi siku mbili kabla ya mama mkwe wake kutia mbegu ardhini, na hapo kwao kila mtu anajua mke wa mwana hatangulii kupanda. Ukivunja mwiko huo, chira inaingia bomani, na laana hiyo inakula watoto. Apiyo alikiri akilia. Ndiyo, alipanda, aliogopa mvua itampita. Akanyweshwa manyasi, ile dawa chungu ya kutakasa, mara tatu. Kisha siku ya kumzika mtoto wa pili, mbele ya waombolezaji, Aloo akamwambia, "Tumbo lako ni kaburi. Toka kwangu." Apiyo akatoka na mfuko mmoja wa nguo.

Na wakati wote huo, yawa, Aloo mwenyewe alikuwa anatokwa damu puani karibu kila wiki, tangu utotoni! Midomo yake ina vidoa vyekundu. Kaka yake alianguka shambani akafa, damu imemwagika ndani ya kichwa. Calvince naye hajawahi kutembea bila kitambaa cha pua. Nyani haoni kundule. Wao walisema ni joto la ziwani.

Ilipita miaka mitatu. Kichwa kilipoanza kumuuma Calvince, akampelekea Daktari Nekoye ile bahasha. Daktari aliitazama picha, akaitazama midomo ya Calvince, akaagiza mama aletwe. Damu ya wote wawili ikapelekwa ng'ambo kupimwa. Miezi minne baadaye akawaita.

"Mtoto akiwa tumboni, wiki ya tatu, ya nne," akawaambia, "hana uso, hana vidole, moyo ndio kwanza unaanza kupiga. Wakati huo ndipo mishipa inajengwa. Kuna jeni zinazoigawia kazi: wewe peleka damu, wewe irudishe, na katikati yenu viwepo vijishipa vyembamba vya kuipunguza kasi. Katika ukoo wenu jeni moja ina kasoro. Ule mshipa wa kupeleka unaungana moja kwa moja na wa kurudisha. Wengine wanatokwa na damu puani tu. Wengine inawapata ndani ya kichwa, na moyo wa mtoto mchanga hauwezi kubeba mzigo huo."

"Na mke wangu?" Calvince akauliza.

"Hahusiki. Nakala moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha. Wewe umeipata kwa mama yako."

Akaongeza kwamba si kila mtoto anairithi, ni nusu kwa nusu, na siku hizi mimba inaweza kufuatiliwa kwa picha tangu mapema, mtoto akatibiwa. Akamgeukia Aloo kwa upole. "Mama, hili si kosa lako. Hakuna anayechagua jeni."

Kweli, jeni hakuichagua. Lakini yale maneno ya siku ya maziko aliyachagua mwenyewe, moja moja. Wanasema majuto ni mjukuu, na huyu ndiye mjukuu pekee aliyembakia Aloo.

"Wewe ndiye ulimfukuza," Calvince akamwambia alipomfuata pale kwenye benchi, machozi yanamtoka. "Wewe ndiye utamrudisha. Mwambie hakukosa kitu. Mwambie sijaoa."

Basi Aloo akaenda Port Victoria, anakouza Apiyo samaki wa kukaanga, karatasi ikiwa ndani ya mkoba. Alimkuta amekonda, lakini uso umetulia. Apiyo alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha ndani, akamwekea chai.

"Mwanangu, nimekuja kukwambia jambo," Aloo akaanza.

"Mama, nisikilize mimi kwanza. Nimelibeba sana." Apiyo akakaa chini mkekani. "Mwaka jana nilienda kufungwa kizazi. Nesi alikataa, akasema mimi bado mdogo. Nilirudi mara nne. Nikamwambia nimeshaua wawili, wa tatu sitaua. Tangu siku hiyo ninalala, Mama. Nikiwakumbuka watoto, ninajiambia angalau nimelipa."

Aloo akauliza, "Haiwezi kufunguliwa?"

"Walikata kabisa. Niliwaomba wakate kabisa."

Mkono wa Aloo ulikuwa ndani ya mkoba, umeshika karatasi. Akiitoa, binti huyu atajua amejikata kwa kosa ambalo halikuwepo. Asipoitoa, atazikwa akijiita muuaji. Uwi, Aloo! Alitamani afe palepale kabla ya kuchagua.

"Umekuja kunisamehe, sivyo?" Apiyo akauliza, macho yanang'aa.

Aloo akaiachia ile karatasi mkobani.

"Nimekusamehe, mwanangu."

Apiyo akamrukia shingoni, akilia kwa furaha, kisha akakimbilia mlangoni kuwaita jirani zake waje wasikie. Wanawake wakaja wakajaa chumbani, wakampa Aloo mkono mmoja baada ya mwingine, wakimshukuru kwa roho yake nzuri.